Dirisha Linalolinda Amri: Jinsi Sauti Inavyochujwa Hewani

Kilima cha Nakasero, jijini Kampala, ni kilima cha sauti. Chini yake, sokoni, wauzaji hunadi ndizi na nanasi tangu alfajiri. Juu zaidi, kando ya barabara ya Nile Avenue, ndipo lilipo jengo la utangazaji wa taifa. Kazi ya redio ya serikali nchini Uganda ilianza mwaka 1954, wakati wa ukoloni. Televisheni ikafuata mwaka 1963. Na mwaka 2005 redio na televisheni ya taifa ziliunganishwa kuwa shirika moja liitwalo UBC. Wananchi wa makamo hawajasahau kwamba tarehe 25 Januari 1971, na tena tarehe 11 Aprili 1979, habari za kubadilika kwa serikali ziliwafikia kupitia Redio Uganda. Katika siku kama hizo neno moja linalosikika vema lina uzito kuliko bunduki mia, na neno linalosikika vibaya lina hatari iliyo sawa na hiyo.

Makala haya yanahusu kazi inayofanyika kimya kimya kati ya mdomo wa msemaji na sikio la msikilizaji. Kazi hiyo ni kuchuja. Kila ndugu askari aliyewahi kushika simu ya upepo, awe wa jeshi au wa polisi, ameitegemea bila kuiona. Yafaa basi tuifahamu, maana chombo usichokijua tabia yake hukuangusha siku ile unapokihitaji zaidi.

HEWA NI MOJA, WASEMAJI NI WENGI

Hewa haina ukuta. Mawimbi ya redio ya taifa, ya vituo vya binafsi vilivyoanza kurusha matangazo ya FM mwaka 1993, ya simu za mkononi, ya magari ya polisi na ya wagonjwa, yote hupita pamoja katika anga moja la Kampala. Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana kugawana hewa kama ndugu wagawanavyo shamba la urithi. Kwa mujibu wa mpango wa Geneva wa mwaka 1975, ulioanza kutumika Novemba 1978, vituo vya mawimbi ya kati katika Afrika na Ulaya vimepewa nafasi ya hezi 9,000 baina ya kimoja na kingine. Mpango mwingine wa Geneva, wa mwaka 1984, ukaratibu FM.

Lakini mpaka ulioandikwa katika karatasi hauzuii mbuzi wa jirani kuingia shambani. Lazima pawe na ua. Katika redio, ua huo ni kichujio: kifaa kinachoruhusu masafa yanayotakiwa na kuyazuia mengine. Pasipo kichujio, mlio mkali wa kituo cha jirani huingia katikati ya amri, na mvumo wa jenereta au wa nyaya za umeme, ambao hapa kwetu ni wa hezi 50, huvuma nyuma ya kila neno.

Wanywaji wa malwa wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mrija wao mrefu una kichujio kilichosukwa mwishoni, nacho hupitisha kinywaji na kuacha makapi chunguni. Matundu yakiwa makubwa mno, makapi hupanda; yakiwa madogo mno, mnywaji huvuta mpaka mashavu yakaingia ndani, asipate kitu. Hekima yote ya kuchuja imo katika kuchagua ukubwa wa tundu.

SAUTI INAPOGEUZWA KUWA HESABU

Zamani kichujio cha redio kilitengenezwa kwa nyaya zilizozungushwa, vipande vya kuhifadhi chaji, na fuwele. Joto lilipopanda, tabia yake ilibadilika, kilipozeeka, kililegea. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa hesabu, na kichujio chenyewe huitwa kichujio cha tarakimu, au cha dijitali.

Wazo la kuigeuza sauti kuwa tarakimu limezaliwa katika simu na vita. Mwingereza Alec Reeves alipata hataza ya njia hiyo nchini Ufaransa mwaka 1938. Julai 1943 Wamarekani waliwasha mtambo wa siri ulioitwa SIGSALY, uliounganisha Washington na London. Mtambo huo ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50. Uligawa sauti ya msemaji katika mikanda kumi kwa vichujio, ukapima nguvu ya kila mkanda mara 50 kwa sekunde, ukazichanganya tarakimu hizo na tarakimu za siri, ili adui anayesikiliza asiambulie ila mkwaruzo. Mwaka uliofuata, askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki walikuwa wakipigana katika bonde la Kabaw huko Burma. Kazi iliyohitaji tani 50 wakati ule leo inafanywa na kipande cha silikoni kisichozidi ukucha.

Utaratibu wake ni huu. Sauti inapoingia katika maikrofoni, mtambo huipima mara nyingi kwa sekunde, tuseme mara 16,000. Kila kipimo huwa tarakimu moja. Kichujio hushika vipimo vichache vya karibuni, kila kimoja hukizidisha kwa uzito wake maalumu, kisha hujumlisha. Jumla hiyo ndiyo sauti mpya iliyochujwa. Kipimo kingine kinapoingia, cha zamani kuliko vyote hutoka, na hesabu huanza upya. Kwa hiyo kichujio kizima ni orodha ya uzito tu. Ukiibadili orodha umebadili kichujio, bila kugusa hata waya mmoja.

Swali linalobaki ni moja: orodha hiyo hupatikanaje?

TATIZO LA KUKATA GHAFLA

Hesabu za Mfaransa Joseph Fourier hutupatia jibu la kwanza. Ukitaka kichujio kamilifu, kinachopitisha kila kitu chini ya mpaka fulani na kukata kabisa kila kilicho juu yake, kanuni ipo na orodha inajulikana. Uzito mkubwa kuliko wote huwa katikati, na kutoka hapo uzito hupanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa, ukipungua pande zote mbili kadiri unavyokwenda mbali. Taabu ni kwamba orodha hiyo haina mwisho. Hakuna mtambo wenye nafasi isiyo na mwisho, wala hakuna kamanda awezaye kungoja milele ili asikie neno.

Mtu wa kawaida angesema: basi tuikate. Tuchukue uzito wa katikati na majirani zake, tuutupe uliobaki. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Mfikirie dereva wa lori lililojaa askari waliosimama. Akikanyaga breki ghafla, lori litasimama, lakini abiria watayumba mbele na nyuma, na wengine wataumia. Orodha iliyokatwa ghafla huyumba vivyo hivyo: karibu na mpaka, masafa mengine hupita yakiwa na nguvu kupita kiasi na mengine hupungua, na upande uliopaswa kuwa kimya huvuja.

Mwingereza Henry Wilbraham aliliandika jambo hili mwaka 1848, likasahauliwa. Mwaka 1899 Mmarekani Josiah Willard Gibbs alilieleza katika jarida la Nature, na hata leo linaitwa kwa jina lake. Kubwa la kushangaza ni hili: kuongeza urefu wa orodha hakuliponyi. Uyumbaji husogea karibu zaidi na mpaka na kuwa mwembamba, lakini kimo chake hubaki karibu asilimia 9 ya mruko wenyewe. Hapa bidii peke yake haifui dafu. Ni lazima njia ibadilike.

DIRISHA

Njia hiyo ni dirisha. Badala ya kukata orodha kwa panga, mhandisi huipunguza polepole kuelekea kingo zake, kama dereva mwema anavyoachia mafuta kabla ya kukanyaga breki. Huandaa orodha ya pili, ambayo thamani yake katikati ni moja na pembeni hushuka karibu na sifuri, kisha huzidisha orodha mbili hizo, uzito kwa uzito. Orodha hii ya pili huitwa dirisha, kwa kuwa ni kama tunaitazama orodha isiyo na mwisho kupitia uwazi mdogo. Na umbo la uwazi huo ndilo linaloamua tutakachokiona.

Kukata ghafla nako ni dirisha, lile la mstatili. Kichujio chake huzuia kwa kiasi cha desibeli 21 tu, maana yake mlio usiotakiwa hupita ukiwa na takriban sehemu moja ya kumi na moja ya kimo chake. Hilo halitoshi hata kwa mazungumzo ya sebuleni.

Dirisha la pili lina jina la Julius von Hann, mtaalamu wa hali ya hewa wa Austria aliyefariki mwaka 1921. Wamarekani Blackman na Tukey ndio waliolipa jina hilo kwa heshima yake. Hushuka taratibu hadi sifuri, na kichujio chake huzuia kwa desibeli 44 hivi: sehemu moja kati ya 158.

La tatu ni la Richard Hamming, aliyefanya hesabu huko Los Alamos wakati wa vita na baadaye katika maabara ya Bell. Dirisha lake halifiki sifuri. Huishia kwenye 0.08. Kijukwaa hicho kidogo pembeni hupunguza uvujaji ulio mkubwa kuliko mwingine, na kichujio hufikia desibeli 53, yaani sehemu moja kati ya takriban 450.

La nne, la Ralph Blackman, hufikia desibeli 74: sehemu moja kati ya 5,000. Kisha James Kaiser, naye wa maabara ya Bell, akaleta mwaka 1974 dirisha lenye kirekebisho kimoja. Mhandisi akikizungusha kirekebisho hicho, hupata kinga kubwa au ndogo kadiri ya haja yake, badala ya kufungwa na desturi ya dirisha moja.

MTAKA CHA MVUNGUNI

Msomaji atauliza kwa nini basi wote wasitumie la Blackman. Jibu limo katika methali ya wahenga: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dirisha linalozuia zaidi lina mpaka mpana zaidi, na ili kuubana mpaka huo inabidi orodha irefushwe.

Tuchukue mfano, tuuhesabu pamoja. Tunataka sauti ipite hadi hezi 3,000, na kuanzia hezi 3,600 kila kitu kizuiwe, kwa kuwa huko kuna mlio wa jirani. Sauti inapimwa mara 16,000 kwa sekunde. Upana wa mpaka wetu ni hezi 600. Tukiugawa kwa 16,000 tunapata 0.0375. Kanuni za vitabuni husema urefu wa orodha ni 0.9 kugawanywa kwa namba hiyo kwa dirisha la mstatili, 3.1 kwa la Hann, 3.3 kwa la Hamming, na 5.5 kwa la Blackman. Tukichagua namba witiri ili orodha iwe na katikati, tunapata 25, 83, 89 na 147.

Tuseme tumechagua la Hamming. Mpaka tunauweka katikati, kwenye hezi 3,300. Uzito wa katikati ya orodha kamilifu ni 0.4125, wa jirani yake ni 0.3064, wa tatu 0.0832, wa nne ni hasi, 0.0720 chini ya sifuri. Na kuendelea hivyo. Ukifika pembeni kabisa, hatua ya 44 kutoka katikati, uzito ni 0.0033. Dirisha huuzidisha kwa 0.08 na kuubakiza chini ya 0.0003. Breki imekanyagwa kwa ulaini, na hakuna abiria aliyeyumba.

Gharama yake ni nini? Kwanza ni kazi. Uzito 89 kwa vipimo 16,000 ni kuzidisha mara 1,424,000 kila sekunde. Lakini upande wa kushoto wa orodha ni sawa na wa kulia kama safu mbili za gwaride, hivyo vipimo viwili vyenye uzito mmoja hujumlishwa kwanza, na kuzidisha hushuka hadi mara 720,000. Pili ni kuchelewa. Sauti hutoka ikiwa nyuma kwa vipimo 44, sawa na sekunde 0.00275. Sikio haliutambui uchelevu huo. Na kwa kuwa pande mbili za orodha zinalingana, masafa yote huchelewa kwa kiasi kilekile. Neno hufika likiwa na umbo lake, herufi zake zikiwa zimeshikana mikono.

Kuondoa mvumo wa hezi 50 ni kazi ngumu zaidi. Tukitaka hezi 50 izuiwe na hezi 300 ipite, nafasi tuliyo nayo ni hezi 250 tu, na dirisha la Hamming litadai orodha yenye uzito usiopungua 213. Mpaka mwembamba ni ghali, katika redio kama ilivyo katika ulinzi wa nchi.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba dirisha si njia pekee. Tangu mwaka 1972 wahandisi wanayo njia ya Parks na McClellan, ambayo kwa kinga ileile mara nyingi hupata orodha fupi zaidi. Lakini njia hiyo hudai kompyuta itafute jibu kwa kurudiarudia, ilhali ya dirisha mwanafunzi mwenye kikokotoo na subira huweza kuimaliza mezani. Ndiyo sababu vyuo vingi huianza hii kwanza.

SILABI MOJA YA KUKANUSHA

Sasa tufike mahali panapomhusu askari moja kwa moja. Tumesema kichujio huacha makapi. Je, nani ameamua yapi ni makapi?

Simu ya kawaida hupitisha masafa kati ya hezi 300 na 3,400, na sauti yake hupimwa mara 8,000 kwa sekunde. Kipimo hicho kilichaguliwa kwa sababu maneno mengi hueleweka ndani yake. Lakini herufi S nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000. Simu huikata S karibu yote, ikabaki mvumo hafifu unaofanana na F. Ndiyo maana mtu akitaja jina lake kwenye simu hulazimika kulisema mara mbili, na sisi ikasikika kama fisi.

Sasa tazama lugha yetu. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri tangu enzi za KAR. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa la Uganda mwaka 1973. Na mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili. Katika Kiswahili, tofauti kati ya kuamuru na kukataza mara nyingi ni silabi moja. Mvuke daraja, msivuke daraja. Aingie, asiingie. Upige, usipige. Silabi hiyo, si, ni fupi, haina mkazo, kwani mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nayo huanza kwa herufi ileile ambayo vyombo hivi huikata. Ongeza mvumo wa injini, ongeza mvua juu ya bati, ongeza pumzi za mtu anayekimbia. Katazo linaweza kufika likiwa ruhusa. Gharama ya kosa hilo haihesabiwi kwa desibeli. Huhesabiwa kwa watu waliovuka daraja.

Wahandisi wamelijua jambo hili, na mitandao ya simu yenye sauti pana hupima mara 16,000 kwa sekunde na kupitisha hadi hezi 7,000, hivyo S hurudi na ukali wake. Lakini redio nyingi za kazini bado zina nafasi nyembamba hewani, na ua mpana hauwezi kujengwa katika kiwanja chembamba. Mbunifu wa kichujio anakabiliwa na mizani isiyo na huruma: akifungua zaidi, mlio wa jirani unaingia, akifunga zaidi, silabi ya katazo inadhoofika. Hakuna dirisha, la Hann wala la Kaiser, linalojua ni mlio upi ulio amri na upi ulio kelele. Dirisha linajua masafa tu.

Kwa hiyo sehemu ya ulinzi inabaki mdomoni mwa msemaji na sikioni mwa msikilizaji. Amri yenye neno la kutenda huvumilia mkwaruzo kuliko amri yenye silabi ya kukataza. Simama ni salama kuliko usiende. Baki upande huu ni salama kuliko msivuke. Tarakimu zitajwe moja moja. Na anayepokea arudie alichosikia, neno kwa neno, kabla ya kutenda, hata kama afande aliye upande wa pili ana haraka. Kuuliza si ujinga, na kurudia amri si utovu wa nidhamu. Ni kichujio cha mwisho, ambacho hakiuzwi dukani.

Mafundi wanaonunua au kurekebisha redio za vikosi nao wana sehemu yao. Yafaa waulize muuzaji maswali mawili yaliyo wazi: kichujio kinazuia jirani kwa desibeli ngapi, na kinapitisha sauti hadi hezi ngapi? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hajui anachouza. Na kabla ya redio kukabidhiwa kikosi, ijaribiwe kwa Kiswahili, katika gari linalonguruma, kwa sentensi zenye si na zisizo na si, wapokeaji wakiandika walichosikia. Jaribio hilo linahitaji karatasi, kalamu na nusu saa.

Nakasero itaendelea kusema, na vilima vingine vya Kampala vitaendelea kuijibu, kila sauti ikitafuta njia yake katika hewa iliyosongamana. Ua wa hesabu umejengwa vizuri na watu wenye akili, kutoka Wilbraham hadi Kaiser. Kazi yake ni kumpa askari sauti iliyo safi kadiri inavyowezekana. Kuhakikisha kwamba alichosikia ndicho kilichosemwa, hiyo ni kazi yake mwenyewe.